Pembetatu Mbili na Jiko la Mama Kapinga

Ninyi vijana wa ofisi ya vipimo mmeniomba niandike habari za kazi kabla kichwa changu hakijaanza kuchanganya mambo. Nimekubali, maana tangu nistaafu sina shughuli ya asubuhi zaidi ya kunyoosha magoti. Vyeo na mshahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara nyote mnaujua. Nitaandika juu ya pembetatu, hasa pembetatu moja iliyokuwa mbili, na juu ya nyumba ya mjane mmoja, Mama Kapinga, ambayo huenda ilikuwa imejengwa juu ya shimo na huenda haikuwa. Katika miaka yangu yote ya kubeba darubini ya kupimia ardhi Kolwezi, hakuna kesi iliyonichosha kama hiyo.

Inaanzia shuleni. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu mfupi kutoka kaskazini ya Katanga, mwenye kikohozi cha vumbi la chaki. Bikari ya mbao ya ubaoni ilikuwa imevunjika mguu mmoja, na kwa jinsi shule ilivyokuwa, hakuna aliyetarajia mguu mpya. Basi alifunga kipande cha chaki kwenye kamba. Siku ile alichora mstari mrefu uliolala, akaweka nukta juu yake bila kuugusa, akabana kamba kwenye nukta kwa kidole gumba, akaizungusha chaki. Chaki ilikata mstari mahali pamoja, ikapita chini yake kidogo, ikarudi kuukata mahali pengine.

“Munaona?” akasema. “Bamekupatia pande mbili, na pembe yenye haiko katikati ya zile pande. Usiseme umepata pembetatu. Sema umepata ngapi.”

Mmoja wetu akauliza, “Sasa mwalimu, katika zile mbili, njo gani ya kweli?”

“Hesabu haijue. Mutu mwenye alikuwaka pale njo anajua.”

Tuliandika, tukajibu mtihani, tukasahau. Mimi nilisahau kwa miaka mingi, na nilisahau nikiwa nafanya kazi hiyohiyo kila siku.

Nilipoingia kampuni ya migodi nilikabidhiwa kwa Tata Muteba, yaani Baba Muteba, mpimaji mzee, Mlunda wa Musumba, mtu aliyesema kidogo na kuvuta tumbaku sana. Siku ya kwanza sikugusa darubini. Nilibeba fito zile za rangi nyekundu na nyeupe kutoka asubuhi mpaka jua likakaa kichwani, na kila nilipozisimamisha alinionyesha kwa mkono tu: kushoto, kushoto, basi. Siku ya pili vilevile. Wiki ikaisha bila kuona kitu chochote kupitia kioo. Nilimlalamikia mke wangu kwamba nimesomea pembe ili niwe mti wa kusimama juani.

Lakini alinifundisha mengi ambayo hayamo kitabuni. Waya wa kupimia ufute kwa kitambaa kikavu kabla ya kuukunja, usiku unazaa kutu. Darubini usiiache juani ikiwa wazi hata kama unakwenda kunywa maji tu. Miguu yake mitatu ikite kwa uzito wako mwenyewe, kwa sababu udongo wetu mwekundu wakati wa mvua unaonekana mgumu na si mgumu. Namba ziandike zikiwa bado mdomoni mwa aliyezisoma. Na ukimaliza, pima tena. Alikuwa akisema neno hilo, “tena”, nasi tukiwa tumeshafunga masanduku, na kwa kweli kuna siku nilimchukia.

Alikuwa na desturi moja tu mbaya, na haikuwa yake peke yake. Wapimaji wote wa wakati wake walikuwa nayo. Pale ambapo upande wa tatu ulikuwa na kikwazo, mtaro wa maji au kichaka kizito, hawakujisumbua. Waliandika urefu wa pande mbili na pembe moja, kisha wakaongeza maneno: karibu na kichuguu. Wageni huwa hawaamini vichuguu vya huku mpaka wavione. Ni vilima vya mchwa, vingine virefu kuliko nyumba, na miti imeota juu yake. Mtu akisema karibu na kichuguu fulani, kila mmoja alijua. Siku moja nilimwuliza kwa nini tusipime na upande uliobaki.

“Mutoto wangu,” akasema, “kichuguu haina miguu. Itaenda wapi?”

Nikaona amesema kweli. Alistaafu akarudi kwao Musumba, na darubini ikabaki kwangu.

Sasa, kabla ya wakati wangu kampuni ilikuwa imechimba mashimo ya kutafuta madini upande ule wa kuelekea Mutoshi. Mashimo membamba, marefu kwenda chini. Yasipoonyesha shaba yalifunikwa kwa magogo, udongo juu yake, na watu wakaondoka. Miaka ikapita, mji ukapanuka, watu wakajenga. Kisha mwaka mmoja mvua ya kwanza ilipopiga, choo cha familia moja kilizama chote, kuta na paa. Mungu alisaidia, hakukuwa na mtu ndani. Magogo yalikuwa yameoza. Mkubwa wa idara akatoa amri kwamba kila shimo la zamani litafutwe na kujazwa kabla mvua hazijakaza.

Kazi hiyo nilipewa pamoja na injenia mpya, Ngoy. Zilikuwa siku zile za Zaïre ambapo sote tuliitana raia, kwa hiyo yeye alikuwa Sitwayen Injenia na mimi Sitwayen Kasongo, ingawa jua lilipozidi alirudi kuniita tata. Kijana mwema, mwepesi wa hesabu, mwenye adabu. Wa tatu wetu alikuwa Kabwe, mshika waya, aliyelalamika tangu asubuhi hadi jioni na hakukosea kipimo hata siku moja.

Mashimo mengine tuliyapata bila shida. Lilibaki moja, lililopimwa na Tata Muteba kabla sijafika. Alichotuachia ni hiki: nguzo mbili za saruji, moja kando ya barabara na nyingine juu kwenye mwinuko, zikiachana mita mia. Kutoka nguzo ya barabara, pembe ya kuelekea shimo, ikipimwa kutoka mstari wa nguzo hizo, digrii thelathini. Kutoka nguzo ya mwinuko hadi shimo, mita sitini. Kisha maneno: miguuni pa kichuguu.

Nguzo zote mbili zilikuwapo. Kichuguu hakikuwapo. Kichuguu kweli hakina miguu, lakini Tata Muteba alisahau matofali. Hakuna udongo mzuri wa matofali kama wa kichuguu, na watu walipoanza kujenga upande ule walivikata vyote, vingine siku za Salongo, ile kazi ya umma ya lazima, shoka na jembe na nyimbo, wakavichoma kwenye tanuru wakavigeuza nyumba. Uwanja ulikuwa tambarare. Palikuwa na nyumba chache zilizotawanyika, na chini yake shamba la mahindi.

Injenia Ngoy akafungua kitabu cha namba za pembe, akapiga hesabu juu ya goti. Pembe ya pale shimoni ikatoka digrii hamsini na sita na kitu. Akaweka kwenye ramani, nukta ya shimo ikaangukia katikati ya mahindi, mbali na nyumba zote. Tulifurahi. Watu wakachimba pale mfereji mpana siku nzima, wakatoa udongo, mizizi na chupa kuukuu. Shimo hakuna.

“Walilijaza zamani,” Ngoy akasema. “Tufunge.”

Nilikuwa nimekaa kwenye lundo la udongo, nimechoka, nikitazama kitabu kikiwa wazi mkononi mwake. Kitabu kile kinaishia digrii tisini. Ukikiuliza, kitakupa pembe kali siku zote, maana pembe butu, ile inayopita tisini, haimo ndani. Nikakumbuka kamba ya mwalimu ikikata mstari mara ya pili. Nikamwomba aondoe hamsini na sita katika mia na themanini ajenge pembetatu upya. Akaelewa kabla sijamaliza kusema, na nilimpenda kwa hilo. Nukta ya pili ilirudi nyuma kwenye mstari uleule, karibu mita sitini na sita kuelekea barabarani. Iliangukia nyumba ya matofali yenye mlango wa kijani.

Ilikuwa nyumba ya Mama Kapinga. Wazee wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, yeye akazaliwa Kolwezi, akaolewa Kolwezi, na mumewe, dereva wa gari la mawe, alikuwa amekufa miaka michache nyuma. Aliishi na binti yake na wajukuu, na alikaanga maandazi ambayo zamu zote za asubuhi ziliyajua.

Nilikwenda kwa mkubwa wa idara. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza swali ambalo hata mimi ningeuliza. “Una hakika shimo liko chini ya nyumba?” Nikasema hapana, ni ama pale ama kwenye mahindi. Akasema hawezi kumwondoa mjane wala kumvunjia sakafu kwa neno “ama”. Nilete hakika, naye atampa kiwanja kingine na gari la kuhamia. Nisipoileta, kesi inafungwa.

Tulituma ujumbe Musumba kwa mkono wa dereva wa lori, na barabara ile mnaijua. Aliporudi alituambia Tata Muteba alizikwa kiangazi kilichopita. Nililia kidogo nyuma ya ofisi, nikanawa uso. Kisha nikaenda kwa Mama Kapinga, kwa sababu yeye na marehemu mumewe walikuwa wa kwanza kujenga pale. Majirani wote walikuja nyuma yao. Kama kulikuwa na mtu hai aliyejua kichuguu kilisimama wapi, ni yeye.

Alinipa kiti na maandazi mawili. Nikamweleza yote, sikumficha kitu, hata lile la kuhamishwa.

“Kichuguu ilikuwaka kule,” akasema, akielekeza mkono kwenye mahindi. “Kule chini kabisa.”

“Una hakika, mama?”

“Miye njo nilikuwaka hapa, tata. Si weye.”

Injenia Ngoy alifurahi sana kusikia. Shahidi amesema, hesabu imesema, shimo lilijazwa, na mwanamke anabaki kwake. Ilikuwa tamu mno, nami nilikuwa mchovu kiasi cha kutaka kuiamini. Nilikwenda nyumbani nikala, nikalala vibaya. Asubuhi wingu lilikuwa zito upande wa Nzilo. Sikuwa na hoja yoyote mpya. Nilichokuwa nacho ni kwamba alipokuwa akijibu hakuangalia mahindi, aliangalia mlango wa jiko.

Nikamchukua Kabwe na waya wa kupimia. Kabwe akasema kesi imekwisha, miguu inamwuma, na mvua inakuja. Nikamwambia yote ni kweli, beba waya.

Sikwenda kumwita Mama Kapinga mwongo. Nilimwambia tu nataka kumwonyesha kile kinachonisumbua, kisha nitamwacha kwa amani. Nilifunga ncha ya waya kwenye nguzo ya mwinuko. Kabwe akapanga fito zake kutoka nguzo ya barabara, moja baada ya nyingine, kufuata pembe ya Tata Muteba, mpaka mstari ukaonekana wazi ukipita uani kwa mama na kushuka hadi mahindi. Kisha nikapima mita sitini za waya na kumwomba Mama Kapinga ashike pale mwenyewe.

“Vuta, mama. Usiache ilegee. Sasa tembea polepole.”

Alianzia kwenye mahindi. Kabwe, akiwa nyuma ya fito zake, akainua mkono. “Hapa.” Mama akasimama juu ya mfereji wetu mtupu.

“Ni hapa kwenye ulisema,” nikamwambia. “Lakini waya haijaisha. Endelea.”

Akaendelea. Waya ulipita juu ya bustani ya mboga, binti yake akaunyanyua juu ya uzio wa matete. Mama alipita upande wa pili wa mstari, akazunguka, akaanza kurudi. Majirani walikuwa wametoka kutazama. Alitembea akivuta waya kwa mikono miwili kama mtu anayevuta maji kisimani, macho yake chini, na nadhani alijua kabla ya Kabwe. Kabwe akainua mkono tena. Mama Kapinga alikuwa amefika kwenye mlango wa jiko lake.

Alibaki pale na waya mkononi. Ndani ya jiko mjukuu mmoja alikuwa amelala kwenye mkeka, karibu na majivu ya asubuhi, kwa sababu ya baridi ya mawingu. Mama alimtazama.

“Kichuguu ilikuwaka hapa,” akasema. “Hapa kwenye niko nasimama. Bwana yangu aliikata yote, akapika mabriki palepale, akasema tujenge hapahapa, fasi ya kichuguu iko safi, haina mizizi. Hii nyumba yote njo ile kichuguu, tata. Njo maana nilikudanganya. Nilisema mu roho, bwana alisha kufa, sasa na nyumba nayo iende?”

Akamwita binti yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, amtoe mtoto nje.

Ninyi mnaofundishwa leo mtasema ningeweza kutafuta udongo uliochomwa wa tanuru, ningeweza kufanya hili na lile. Labda. Mimi ninachojua ni kwamba mama yule alikuwa na hesabu iliyokuwa upande wake, shahidi asiyeweza kupingwa ambaye ni yeye mwenyewe, na mkubwa aliyekuwa tayari kufunga. Angeachia waya ule tu, asingehama.

Siku iliyofuata tulivunja sakafu ya jiko. Injenia Ngoy alitaka kushika nondo mwenyewe. Aliisukuma pembeni kidogo pa mafiga, ikashuka vizuri katika udongo, ikagonga mti, kisha ikapita kwenye mti kwa uzito wake wenyewe. Alipoitoa, ncha ilikuwa na unga wa gogo bovu. Akadondosha jiwe dogo kwenye tundu. Sote tulingoja sauti yake, na ilichelewa kuja.

“Miaka yote nilipikia batu maandazi hapa,” Mama Kapinga akasema. Kisha akakaa chini uani na kulia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mvua ilitupa siku za kutosha. Mkubwa alitimiza neno lake, akatoa kiwanja na gari. Mama alikataa kuondoka bila matofali. Kuta zikabomolewa polepole, binti yake na ndugu wa marehemu wakipokezana, na yeye akiyakagua moja moja na kuyapanga. Kabwe alinung'unika kwamba hajawahi kuona kichuguu kikipakiwa garini. Shimo tulilijaza mawe hadi juu. Injenia Ngoy alikaa na kitabu chake cha namba usiku mmoja, akaandika kwa kalamu nyekundu chini ya kila ukurasa: tafuta na ya pili. Kitabu hicho ndicho mnachokitumia, ndiyo maana kimechafuka hivyo.

Tangu siku ile sikuondoka uwanjani bila upande wa tatu, hata kama ni kupita majini. Wengi wenu mmenilaani kwa hilo, nami nilisikia. Kazi hii imenimaliza magoti na macho, na sijui kama ningeichagua tena. Lakini siku Mama Kapinga alipopewa kiwanja alikuja ofisini kuniita, akasema hataki mpimaji mwingine. Tulikwenda na Kabwe. Kwanza tulipiga nondo kila mahali mpaka tukaridhika na ardhi. Kisha nikapima pande zote, pembe zote, nikapima tena, na Kabwe hakulalamika. Nikakita vigingi vinne.

Mama alikuwa amesimama kando na tofali moja mkononi.

“Sasa tata,” akauliza, “hii nyumba, iko fasi moja tu?”

“Fasi moja tu, mama.”

Akatazama kigingi, kisha akanitazama mimi, kama anayeangalia iwapo macho yangu yanakwenda kwingine. Hayakwenda. Akainama, akaliweka tofali chini.